Mwanangu amekuwa mwoga, au hajapona?

Swali

Daktari, habari za kazi. Sisi ni watu wa Uvira, Kongo, tulikaa kambi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka kumi na miwili kabla ya kuletwa Perth, Australia. Mwanangu wa pili ana miaka 20, anacheza mpira wao huu wa Australia, wa kudaka kwa mikono na kugongana, kwenye klabu ya mtaani kwetu. Mwaka jana mwezi wa sita bega lake la kulia liliteguka, akapasuliwa. Mwaka huu alirudi, na mechi ya tatu akapigwa goti kichwani, akazimia kidogo, na robo nzima ya pili haikumbuki. Klabu ilimweka nje siku 21, siku ya 22 akacheza. Tangu hapo amecheza mechi nne na si yule tuliyemzoea. Mpira unampita mikononi. Anaukimbilia vizuri, akikaribia anasimama. Mjomba wake, ambaye ndiye aliyempeleka klabuni, anasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na dawa yake ni kumrudisha humohumo kwenye vishindo mpaka woga umtoke. Kijana amebadilika hata nyumbani. Dukani hataki tena kunisindikiza, anasema zile taa na rafu zinamchosha macho, ananingoja kwenye gari. Juzi usiku aliniuliza, "Mama, mimi ni mwoga?" Nikakosa la kumjibu. Je, mtu akipigwa kichwa ujasiri humtoka? Kiwango chake kitarudi? Au nimzuie kabisa?

Jibu

Mama, pole kwa kuuguza, na kuuguza mara mbili ndani ya mwaka mmoja si jambo dogo.

Nianze na la haraka. Jumamosi hii asicheze, na mazoezi yoyote ya kugongana ayaache mpaka apimwe upya. Kutembea na mazoezi mepesi aendelee nayo, hayana shida. Sababu yangu iko ndani ya barua yako, kwenye jambo ambalo naona ulilitaja kama nyongeza tu: dukani hataki kuingia kwa ajili ya taa na rafu.

Mimi si daktari wa ubongo, ni mtaalamu wa fiziotherapia ya michezo, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, na sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa na vijana wa mpira huu. Kila aliyepigwa kichwani namuuliza habari za duka. Duka kubwa lina taa kali, rafu ndefu zenye rangi kila upande, watu wanakupita mbele na nyuma, na wewe unatembea huku ukigeuza kichwa kutafuta mafuta ya kupikia. Macho, sikio la ndani na shingo lazima vikubaliane kwamba rafu zimesimama na wewe ndiye unayesogea. Ubongo uliopona huifanya hesabu hiyo bila mwenyewe kujua. Ubongo ambao bado unauguza jeraha huchoka nayo ndani ya dakika chache, kichwa kikaanza kubana, mtu akatamani kurudi kwenye gari. Kijana wako haogopi rafu za sabuni, mama. Zinamshinda, na hilo linapimika na linatibika.

Nipe dakika moja tufanye jaribio. Shika karatasi yoyote yenye maandishi, isimamishe mbele yako, kisha tikisa kichwa kama mtu anayekataa jambo. Utaona bado unasoma. Sasa tuliza kichwa, utikise karatasi kwa kasi ileile. Maneno yanavurugika. Tofauti hiyo inaletwa na sikio la ndani. Humo mna kiungo cha mizani ambacho kila kichwa kinapokwenda kushoto huamuru macho yaende kulia kwa kipimo kilekile, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, ili unachokitazama kibaki palepale. Mtikisiko wa ubongo mara nyingi huuvuruga mpango huu. Amri inachelewa kidogo, au inazidi, au inapungua, na kitu kinachotazamwa kinaanza kurukaruka.

Sasa mpeleke kijana huyo uwanjani. Mpira umepigwa kutoka mbali na utakaa angani kama sekunde tatu. Yeye anakimbia kwa kasi yake yote, kichwa kinapanda na kushuka kwa kila hatua, macho yako juu, mikono inakwenda juu ya kichwa kuudaka. Kwenye mpira huu kudaka safi ndiyo nusu ya mchezo, maana anayedaka mpira uliopigwa mita 15 au zaidi hupewa nafasi ya kuupiga bila kuguswa. Kama macho yake yanauona mpira upana wa kiganja kando ya ulipo, vidole vitafunga hewa. Umeandika "mpira unampita mikononi". Ningemwambia mwanafunzi wangu aeleze dalili ya macho na mizani, asingeieleza vizuri zaidi ya hapo.

Kule kusimama akikaribia nako kuna maelezo. Ubongo usioyaamini macho hupiga breki wenyewe, kabla mwenye mwili hajaamua lolote. Wachezaji wengi wameniambia maneno yanayofanana: "Nilitaka kwenda, miguu haikwenda." Mtu huyo hajui kwa nini, waliomzunguka hawajui kwa nini, na kwa kuwa kila jambo lazima lipewe jina, linapewa jina la woga. Methali ya mjomba ni ya kweli kabisa, ila inamhusu mtu anayeuona ung'ongo sawasawa na bado akashtuka. Mwanao huenda anaona nyasi mbili.

Shingo nayo ipimwe. Goti linaloweza kumzimisha mtu limeikunja na shingo yake pia, na viungo vya juu vya shingo hupeleka ubongoni habari nyingi za kichwa kiko wapi. Shingo iliyokakamaa huleta maumivu ya kichwa na kizunguzungu vinavyofanana kabisa na vya ubongo, na vyote viwili huweza kukaa kwa mtu mmoja kwa wakati mmoja.

Kisha bega. Bega lililoteguka kwenda mbele hupenda kuteguka tena mkono ukiwa juu, umepanuka na umevutwa nyuma, na huo ndio mkao wa kudaka mpira juu ya kichwa huku mtu mwingine akikugonga ubavuni. Mwangalie siku atakaporudi mazoezini: je, anadaka mikono ikiwa imenyooka mbele ya paji la uso, au anaungoja mpira ushuke kifuani? Akiungoja kifuani, bega linajilinda. Hapo pana hofu, nakubali, lakini ni ya misuli na kano zilizokatwa na kushonwa, na hutoka kwa nguvu na mazoezi ya mkao huohuo. Makelele ya pembeni ya uwanja hayaitoi. Mtaalamu wake apime nguvu za mkono wa kulia dhidi ya wa kushoto juu ya kichwa, kwa kifaa, asikisie. Nina wasiwasi kwamba bega lilipewa muda wake, halafu kichwa kikaja katikati na hakuna aliyevitazama vyote viwili pamoja.

Mjomba nisimpuuze, kwa sababu hasemi kitu cha ajabu. Anasema kile ambacho mchezo wenyewe unasema. Uwanja wao una umbo la yai, hakuna kuotea, wachezaji ni 18 kila upande na wametawanyika kote, kwa hiyo unaweza kugongwa kutoka mbele, nyuma na pembeni. Tendo linaloheshimiwa kuliko yote ni mchezaji kukimbia kuufuata mpira unakoelekea, macho juu, bila kuona ni nani anakuja kwa kasi kutoka mbele. Jonathan Brown wa Brisbane alidaka mpira wa namna hiyo mwaka 2002 dhidi ya Hawthorn, na mpaka leo watu wakitaja ujasiri wanautaja mdako ule. Chama cha wachezaji wa ligi kuu hutoa kila mwaka tuzo ya mchezaji jasiri kuliko wote, na Joel Selwood wa Geelong, aliyekuwa haishi kutoka damu usoni, aliichukua zaidi ya mara moja. Mjomba amemlea kijana kwenye mchezo wenye mizani hiyo. Anataka kijana apimwe kwayo, na anampenda.

Tatizo ni kwamba mizani hiyo haiwezi kupima ubongo. Kuna mtu ambaye kijana wako lazima anamjua: Aliir Aliir, mlinzi wa Port Adelaide. Alizaliwa kambi ya Kakuma, Kenya, kwa wazazi wa Sudan Kusini, akafika Australia akiwa mtoto, na mwaka 2021 akatajwa kwenye kikosi bora cha ligi nzima. Kazi yake ni hiyohiyo ya kusoma mpira angani na kuudaka kabla ya mshambuliaji. Julai 2023, kwenye mechi ya watani wa jadi dhidi ya Adelaide, yeye na mwenzake Lachie Jones waliukimbilia mpira mmoja kutoka pande mbili, wakagongana vichwa. Aliir akarudishwa uwanjani bila kufanyiwa kipimo kamili cha mtikisiko wa ubongo. Ligi ilipochunguza, klabu ikatozwa faini ya dola 100,000 za Australia, nusu yake ikiahirishwa, na yeye akaingizwa kwenye utaratibu wa kupumzika. Aliir alikuwa anatembea, anaongea, yuko tayari kucheza. Utayari wake haukusema lolote kuhusu hali ya kichwa chake, na hao ni watu wenye madaktari pembeni ya uwanja. Klabu ya mtaani kwenu pengine ina mtu mmoja wa kujitolea mwenye begi la bendeji.

Ndiyo maana ya zile siku 21. Ligi kuu humruhusu mchezaji kurudi mapema zaidi, siku ya 12 tangu apigwe, kwa kuwa anatazamwa na madaktari kila siku. Mchezaji wa mtaani hana hao, ndipo mwongozo wa Australia wa mwaka 2024 ukasema siku 21 kabla ya kurudi kwenye mechi ya kugongana. Watu wengi husikia "21" wakaishia hapo. Mwongozo unasema pia kwamba kabla ya mazoezi ya kugongana mtu awe amekaa siku 14 bila dalili yoyote. Siku 21 ni mapema kabisa unapoweza kurudi, kama mengine yote yametimia. Kwa mwanao dalili hazijaisha hadi leo, maana yake zile siku 14 bado hata hazijaanza kuhesabiwa. Siilaumu klabu bila kuisikia. Yawezekana kabisa aliulizwa "uko sawa?" na yeye akajibu kama anavyojibu kijana yeyote wa miaka 20 aliyekwisha kukosa mpira miezi mingi kwa ajili ya bega.

Nimewahi kukosea hapohapo. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilimpitisha kijana mmoja kwa sababu alifaulu kila kipimo akiwa amekaa kwenye kiti. Sikumkimbiza. Sikumtikisa kichwa. Sikumuuliza dukani inakuwaje. Wiki mbili baadaye aliusoma vibaya mpira wa kawaida, akachelewa nusu hatua, akapigwa tena kichwani, na safari hii alikaa miezi saba akiumwa kichwa kila siku. Mama yake hakunilaumu. Mimi najua nilichokiacha.

Hiyo nusu hatua ndiyo inayonitia hofu kuliko yote, mama, na nataka mjomba aisome sehemu hii mwenyewe. Makocha wazuri wa mchezo huu hufundisha kwamba mchezaji aliye salama ni yule anayefika kwenye mpira na mwili wake wote: amejikunja magoti, bega limetangulia, kichwa kimegeuzwa pembeni ya mgongano, anajua anagongana na nani. Aliye salama pia ni yule aliyeamua mapema kwamba mpira huu si wake, akabaki nyuma. Anayeumia zaidi ni wa katikati, aliyekwenda kisha akasita, akasimama wima, mikono juu na mbavu wazi, wakati wengine wanafika kwa kasi. Kumrusha kijana kwenye vishindo wakati macho yake yanachelewa ni kumweka hapohapo katikati, Jumamosi baada ya Jumamosi. Kupigwa tena kabla ya kupona hurefusha ugonjwa, na kwa vijana, kwa nadra sana, huleta uvimbe wa ubongo unaoweza kuua. Tafiti kadhaa zimeonyesha pia kwamba wachezaji waliorudi baada ya mtikisiko wa ubongo huumia miguu mara nyingi zaidi kuliko wenzao katika miezi inayofuata, goti au kifundo, kwa kuwa mwili unajipanga kwa kuchelewa.

Umeuliza kama kiwango kitarudi. Kinaweza, na kuna mtu wa kumtazama. Angus Brayshaw alichaguliwa na Melbourne akiwa wa tatu kwenye uteuzi wa vijana wa mwaka 2014. Mwaka 2016 na 2017 alipata mitikisiko ya ubongo mmoja baada ya mwingine, akawa nje zaidi ya alivyokuwa ndani, na watu wakaanza kuzungumzia mwisho wake akiwa bado na miaka 21. Alipewa muda, akarudi akiwa amevaa helmeti laini. (Hiyo helmeti isikudanganye ukaenda kuinunua ukaona kazi imeisha. Inalinda ngozi na masikio, haijathibitika kwamba inazuia ubongo kutikisika.) Mwaka 2018 huyo aliyeonekana amekwisha alishika nafasi ya tatu kwenye kura za medali ya Brownlow, tuzo kubwa kuliko zote ya mchezaji mmoja mmoja. Mwaka 2021 alikuwemo kwenye kikosi cha Melbourne kilichochukua ubingwa kwa mara ya kwanza tangu 1964, na fainali ile ilichezwa hapohapo kwenu Perth kwa sababu ya korona. Huenda mwanao aliitazama.

Siwezi kukupa nusu ya hadithi. Tarehe 7 Septemba 2023, Brayshaw akicheza dhidi ya Collingwood, mpinzani aliruka kuuzuia mpira aliokwisha kuupiga, akamshukia, bega likampata kichwani, akalala uwanjani bila fahamu. Februari 2024, baada ya vipimo vya ubongo na ushauri wa madaktari, akastaafu. Alikuwa na miaka 28. Paddy McCartin, aliyechaguliwa wa kwanza kabisa kwenye uteuzi uleule wa 2014, aliachwa na St Kilda mwaka 2019 kwa ajili ya mitikisiko iliyorudiarudia. Alikaa nje, akapona, akarudi kwa Sydney mwaka 2022 akicheza ulinzi ubavuni mwa mdogo wake Tom, wakafika fainali. Aprili 2023 akajigonga kichwa chini kwenye tukio ambalo kwa mtu mwingine lingekuwa anguko la kawaida. Mwaka huohuo akaacha mpira.

Mjomba akizisikia habari hizi amuulize mtu yeyote Melbourne au Sydney kama kuna anayemwita Brayshaw mwoga kwa kuacha, au McCartin. Hakuna. Ila nisiseme kwamba kuacha ndiko kunakomngoja mwanao. Hao walipigwa mara nyingi kwa miaka. Yeye, kwa ulivyonieleza, amepata mtikisiko mmoja ambao haukumalizwa kutibiwa, na hali hiyo ni tofauti sana. Sitaki uibebe hofu isiyo yako.

Utasikia pia watu wakitaja ugonjwa wa ubongo unaowapata wachezaji baada ya vichwa kupigwa kwa miaka mingi. Upo, na huthibitishwa kwa kuuchunguza ubongo baada ya kifo. Wa kwanza kukutwa nao katika mchezo huu ni Graham Farmer, gwiji wa zamani aliyetokea huko kwenu Australia Magharibi, aliyefariki 2019. Shane Tuck wa Richmond alikutwa nao ukiwa mkali. Heather Anderson, aliyecheza ligi ya wanawake na Adelaide, alikufa mwaka 2022 akiwa na miaka 28 tu, naye akakutwa nao. Unahusishwa na kupigwa tena na tena kwa muda mrefu, yakiwemo mapigo madogo ya mazoezini ambayo hayamzimishi mtu. Kwa hiyo swali la kuiuliza klabu ni hili: kwa wiki wana siku ngapi za mazoezi ya kugongana? Ulizeni bila ugomvi. Klabu nyingi zimeanza kuzipunguza, na jibu litakuonyesha wanavyofikiri.

Sasa kazi yenyewe. Mwanao aende kwa daktari wa familia anayejua habari za mtikisiko wa ubongo, aombe kupelekwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia anayeshughulikia macho, mizani na shingo baada ya kupigwa kichwa. Si kila mmoja wetu anafanya kazi hiyo, ulizeni kabla ya kulipa. Atasogezewa kalamu taratibu kuelekea puani aseme inapokuwa mbili. Ikiwa mbili ingali mbali zaidi ya sentimita 6 hivi, macho hayashirikiani. Atasoma herufi ukutani huku akitikisa kichwa. Atasimama kwa mguu mmoja amefumba macho. Shingo itakaguliwa kiungo kwa kiungo. Mwisho atapandishwa baiskeli ya kusimama, mapigo ya moyo yakiongezwa kidogo kidogo, kuona dalili zinaamka wapi.

Baiskeli hiyohiyo inakuwa dawa. Zamani tuliwaambia walale kwenye chumba chenye giza mpaka wapone. Siku hizi tunapumzisha siku moja au mbili, kisha mtu anaanza mwendo mwepesi, chini kidogo ya kiwango kinachoamsha maumivu. Mazoezi ya macho na mizani yanafanywa nyumbani mara kadhaa kwa siku, yanachosha na yanaudhi, na nakuomba umsimamie, kwa kuwa vijana huyaacha wiki ya pili. Yanafanya kazi. Utafiti mmoja mdogo wa Canada, uliochapishwa 2014, uliwachukua watu 31 wa miaka 12 hadi 30 ambao dalili zao ziligoma kuisha. Waliotibiwa shingo na mizani pamoja, asilimia 73 waliruhusiwa kurudi michezoni ndani ya wiki 8. Waliobaki na mapumziko na mazoezi ya kawaida, asilimia 7.

Dalili zikiisha, ndipo zile siku 14 zianze. Ndani yake adake mpira peke yake, kwanza amesimama, halafu akitembea, halafu akikimbia, bega likifanyishwa kazi ileile kwa wakati uleule. Baada ya ruhusa ya daktari, mtu asimame karibu yake bila kumgusa. Kisha mto wa mazoezi umsukume ubavuni akiwa angani, kwanza akijua unatoka wapi, baadaye bila kujua. Hapa ndipo namhitaji mjomba. Ashike ule mto yeye, kwa kuwa ndiye mtu ambaye kijana anataka kumwonyesha kwamba anaweza. Na amfundishe kuamua mapema, "wangu" au "si wangu", kwa sauti, kila mpira.

Mechi ya kwanza iwe ya timu ya akiba, na acheze nusu. Msimu huu mwambieni wazi kwamba hahesabiwi. Mtu aliyekosa miezi kumi ya mpira kwa bega tu huhitaji mechi kadhaa ili miguu ikumbuke kasi ya mchezo, achilia mbali kichwa. Mimi kiwango chake ningekitafuta msimu ujao, tena si mwanzoni.

Kabla ya hapo, wakati wowote, maumivu ya kichwa yakizidi, akitapika tena na tena, akisinzia kupita kawaida, akichanganyikiwa, akidhoofika mkono au mguu, au akipata degedege, mpelekeni hospitali wakati huohuo.

Nimeliacha la mwisho swali lake la usiku. Nadhani yeye anastahili jibu kuliko sisi wote. Wazee walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na mama aliyevuka ziwa na watoto hahitaji mimi nimweleze maana yake. Mwambie hivi: mwoga hakimbilii mpira. Wewe umeandika mwenyewe kwamba anaukimbilia vizuri na kinachoshindikana ni hatua ya mwisho, pale macho yanapotakiwa kuushika. Mechi nne ameingia uwanjani huku anaona vibaya, bega limeshonwa, na mjomba anamwona mwoga. Mweleze habari ya sikio la ndani, mfanye jaribio la karatasi pamoja. Vijana wengi niliowaeleza jambo hilo walinyamaza, halafu wakalia. Walikuwa wamebeba jina ambalo halikuwa lao.

Ukienda kwa daktari, nenda naye, lakini asiwe yeye mkalimani wako. Najua nyumba zetu zilivyo, watoto ndio hutusemea Kiingereza kila ofisi. Siku hiyo yeye ni mgonjwa anayetaka kucheza, na habari ya duka haitavuka. Mwombe daktari apige simu huduma ya taifa ya wakalimani, TIS, namba 131 450, aombe mtu wa Kiswahili. Habari ya taa na rafu uiseme wewe, na uiseme kwanza.